Kazi ya mtaalamu wa usemi na lugha katika shule za umma za Marekani

Mtaalamu wa usemi na lugha ni mtu aliyesomea jinsi binadamu anavyotamka sauti, anavyoelewa anachoambiwa na anavyopanga maneno yake, na jinsi ya kumsaidia pale yanapokwama. Katika shule za umma za Marekani ni mfanyakazi wa shule kama alivyo mwalimu au muuguzi, ingawa mara nyingi hugawa wiki yake kati ya shule mbili au tatu. Kwa kawaida ana shahada ya uzamili na leseni ya jimbo lake. Watoto humwita mwalimu wa spichi, na wazazi wengi wa Kiswahili wamelichukua jina hilo hilo.

Jina hilo linawafanya wazazi wengi wadhani kazi yake ni kunyoosha matamshi tu. Mtoto mwenye kithembe ni wake, na mwenye kigugumizi ni wake. Lakini pia anamhudumia mtoto anayetamka vizuri kabisa ila akiambiwa "chukua daftari, andika jina lako, kisha uje mbele" anafuata agizo la kwanza na kubaki ameduwaa. Yumo yule anayeshindwa kusimulia jambo la jana kwa mpangilio, yule ambaye sauti imekauka kwa kupiga kelele, yule asiyejua aingie vipi katika mazungumzo ya wenzake, na yule asiyesema kabisa, anayefundishwa kuwasiliana kwa kugusa picha kwenye kitabu au tableti.

Huduma hii ni haki ya mtoto na mzazi halipi. Inatokana na sheria ya elimu ya watoto wenye ulemavu iliyopitishwa mwaka 1975, ambayo tangu 1990 inaitwa IDEA, na inawahusu watoto wa miaka 3 hadi 21. Kasoro ya usemi au lugha ni mojawapo ya makundi 13 ya ulemavu yanayotambuliwa humo. Lipo sharti ambalo wazazi hawaambiwi mapema: haitoshi mtoto kuwa na tatizo, lazima tatizo hilo liwe linamwathiri katika elimu yake. Ndiyo maana hospitali inaweza kusema mtoto anahitaji tiba, na shule ikasema hastahili. Hata hivyo elimu si alama za mtihani peke yake. Mtoto anayeogopa kunyoosha mkono darasani kwa sababu ya kigugumizi ameathirika, hata kama ripoti yake imejaa A.

Mwalimu anaweza kumpendekeza mtoto, na mzazi pia anaweza kuomba apimwe. Ombi liandikwe kwenye karatasi, liwe na tarehe, na mzazi abaki na nakala. Maneno ya mlangoni wakati wa kumchukua mtoto husahaulika. Barua, hata hivyo, haianzishi hesabu ya siku. Kinachoianzisha ni fomu ya ridhaa ambayo shule humpa mzazi asaini. Kuanzia shule inapoipokea, tathmini inapaswa kukamilika ndani ya siku 60, isipokuwa jimbo limeweka muda wake. Fomu nyingi hukaa kwenye begi la mtoto wiki nzima, na siku zinapotea bure.

Kabla ya jambo lingine hupimwa usikivu, kwa kawaida kwa sauti za kiwango cha desibeli 20 kwenye masafa ya hezi 1000, 2000 na 4000, kila sikio peke yake. Mtoto ambaye masikio hujaa majimaji mara kwa mara hasikii vizuri sauti nyembamba kama s na f, na asichokisikia hawezi kukitamka. Kumfundisha matamshi kabla ya kulijua hilo ni kupoteza muda wake.

Kisha huja sehemu ngumu zaidi, na kwa mtoto wa Kiswahili ndiyo yenye makosa mengi: kutofautisha kasoro na lugha mpya. Mtoto anayeongeza irabu mwishoni mwa neno la Kiingereza, anayesema "deski" pale wenzake wanapomaliza kwa konsonanti, hana kasoro, kwani karibu kila silabi ya Kiswahili huishia kwa irabu. Anayemwita mama yake "he" anatafsiri "yeye", neno lisilobagua mume na mke. Anayekaa kimya miezi kadhaa katika darasa la Kiingereza huenda bado anasikiliza tu. Kasoro ya kweli huonekana katika lugha zote anazozijua mtoto, hata ile ya nyumbani. Sheria yenyewe inakataza kumhesabu mtoto kuwa mlemavu kwa sababu tu hajui Kiingereza vya kutosha, na inataka apimwe kwa lugha yake, isipokuwa iwe haiwezekani kabisa.

Shida ni kwamba majaribio yaliyotungwa kwa watoto wa Kiingereza yakitafsiriwa, alama zake hazina maana tena. Mtaalamu anayejua kazi yake huyaweka kando, hurekodi mtoto akisimulia kisa kwa Kiswahili, humuuliza mzazi alianza kusema lini na anafananaje na ndugu zake walipokuwa na umri huo. Humfundisha pia jambo jipya kwa dakika chache kisha humjaribu tena. Mtoto anayelishika upesi ana akili ya lugha iliyo timamu. Anayehangaika hata baada ya kusaidiwa sana anahitaji kuangaliwa zaidi.

Mkalimani naye anaweza kuharibu tathmini bila kukusudia. Mtoto aliyelelewa Bukavu au Lubumbashi atasema "kitabu yangu", na hivyo ndivyo wasemavyo watu wazima wa kwao. Mkalimani aliyesoma Dar es Salaam akiandika kwamba mtoto anakosea ngeli, kosa hilo linageuka dalili ya ugonjwa kwenye ripoti. Tena familia nyingi za Kongo hujaza "Kiswahili" kwenye fomu ya kujiandikisha wakati nyumbani wanasema Kinyamulenge, Kibembe au Kifuliru. Mzazi aseme wazi lugha gani inasemwa jikoni kwake, na asikubali kaka wa mtoto awe ndiye mkalimani.

Lipo na kosa la upande wa pili: shule kusubiri miaka mitatu kwa kisingizio kwamba "bado anajifunza Kiingereza", kumbe mtoto hata Kiswahili chake kilichelewa tangu akiwa na miaka miwili. Kwangu hilo ni baya sawa na lile la kwanza.

Mtoto akionekana anastahili, kikao cha kuandika mpango wake wa elimu, unaoitwa IEP, hufanyika ndani ya siku 30. Humo huandikwa malengo na dakika za huduma, mathalani dakika 30 mara mbili kwa wiki. Lengo lazima lipimike. "Ataboresha matamshi" si lengo. "Atatamka s mwanzoni mwa neno kwa usahihi mara 8 kati ya 10, katika vikao vitatu mfululizo" ni lengo.

Tuchukue mtoto wa kithembe. Ulimi wake unachungulia kati ya meno, s inakuwa th. Anapewa kioo aone. Anaambiwa atamke t haraka haraka, t-t-t-t, kisha aivute ya mwisho mpaka pumzi ipite: tsss. Ulimi tayari uko nyuma ya meno. Hapo huenda kwenye silabi sa, si, su, kisha maneno, sentensi, kusoma, na mwisho mazungumzo. Wengi hukwama hatua hiyo ya mwisho: ndani ya chumba cha spichi s ni safi, uwanjani kithembe kimerudi. Sababu ni mazoezi machache, kwani nusu saa ikigawanywa kwa watoto watatu au wanne, kila mmoja hubakiwa na dakika chache. Dakika tano kila siku nyumbani, kwa maneno kama sabuni, sasa, kisu na basi, hubeba sehemu kubwa ya kazi. Maneno ya Kiswahili yanafaa kabisa, kwa sababu ulimi ni ule ule.

Kwa hiyo mzazi akishauriwa aache Kiswahili nyumbani ili mtoto apone, asikubali. Lugha mbili hazisababishi kasoro ya usemi, na mtoto anayenyimwa lugha ya mama yake hupoteza mtu wa kuzungumza naye kwa kina.

IEP hupitiwa angalau mara moja kwa mwaka, na tathmini hurudiwa angalau kila miaka mitatu. Mzazi ana haki ya mkalimani katika vikao hivyo, na huduma haianzi kwa mara ya kwanza bila saini yake. Asiporidhika na tathmini ya shule anaweza kuomba nyingine ya mtaalamu wa nje kwa gharama ya umma. Shule italipa, au itaomba shauri lisikilizwe ili ithibitishe kwamba tathmini yake ilikuwa sahihi. Na kabla ya kumtoa mtoto kwenye huduma kwa kusema hana tena ulemavu, shule lazima impime upya.