Je, wajua kwa nini tozo ya barabara hukufuata hata baada ya kurudisha gari la kukodi?

Shemeji yangu alikwenda Orlando, Florida, na watoto wake wawili, akakodi gari uwanja wa ndege kwa siku saba. Siku ya kuondoka alilirudisha likiwa na tangi limejaa, halina hata mkwaruzo, akapewa risiti na kuagwa kwa bashasha. Wiki ya tano, akiwa kwake Tabata, simu ikalia: ujumbe wa benki, dola kadhaa zimekatwa Marekani. Wiki ya sita zikakatwa tena. Akanipigia: "Shem, hivi hawa watu nimewakosea nini? Wanasema tozo za barabara. Mbona mimi sikuona geti hata moja?"

Hakuona geti kwa sababu halikuwepo. Kisa chote kinaanzia hapo.

Sisi tumezoea barabara ya kulipia yenye kizuizi. Daraja la Kigamboni, lililofunguliwa mwaka 2016, unafika, unalipa, mlingoti unanyanyuka, unapita. Nairobi Expressway, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilianza kutumika mwaka 2022 nayo ina vibanda na vizuizi. Kizuizi kinaudhi, hasa ukiwa nyuma ya mtu anayetafuta chenji chini ya kiti, lakini kina faida ambayo hatuifikirii: kinamlazimisha aliyeshika usukani alipe palepale. Gari liwe lake, la bosi, la kuazima au la kukodi, mwenye kibanda halimhusu. Ukishapita, hudaiwi.

Ukiondoa kizuizi, hakuna wa kukuuliza wewe. Linaloulizwa ni gari. Na gari la kukodi, likiulizwa "wewe ni wa nani?", halitaji jina lako. Linataja jina la kampuni.

Wamarekani walianza kuondoa vizuizi taratibu. Mwaka 1989 barabara ya kulipia ya Dallas, Texas, ilianza kuwakata madereva kwa kifaa kidogo kinachobandikwa ndani ya kioo cha mbele. Mwaka 1993 New York ikaanzisha kifaa chake kiitwacho E-ZPass, ambacho leo kinatumika katika majimbo mengi ya mashariki. Kwa miaka mingi vifaa hivyo vilikaa bega kwa bega na vibanda: mwenye kifaa anapita upande huu, mwenye sarafu upande ule. Kisha vibanda vyenyewe vikaanza kung'olewa. Daraja la Golden Gate la San Francisco, lililofunguliwa mwaka 1937, liliwaaga wakusanya tozo wake mwezi Machi 2013. Massachusetts ikafuata mwaka 2016 kwenye barabara yake kuu. Pennsylvania ilikuwa na mpango wa polepole, lakini korona ilipoingia mwaka 2020 ikawaondoa watu vibandani moja kwa moja. Wenyeji walipata nafuu, kwa sababu tayari walikuwa na vifaa. Mgeni aliyezoea kuweka noti za dola moja moja mfukoni akabaki nazo.

Sasa tazama kinachotokea unapopita chini ya yale machuma yaliyolala juu ya barabara, ambayo wengi hudhani ni ya kubebea vibao vya kuelekeza njia. Kuna antena inayotuma mawimbi ya redio kuelekea chini. Kama kwenye kioo kuna kifaa, ambacho mafundi hukiita transponda, hicho hujibu kwa kutaja namba yake ya utambulisho, na mfumo unakata salio kwenye akaunti yenye namba hiyo. Vingine vina betri ndani. Vingine ni stika nyembamba isiyo na betri kabisa, inayopata nguvu ya kujibu kutokana na mawimbi yaleyale inayoulizwa nayo. Yote hayo huisha kufumba na kufumbua, gari likiwa kwenye mwendo wake wa kawaida wa barabara kuu.

Na kama gari halina kifaa? Kamera hupiga picha ya namba ya gari. Kompyuta inaisoma, inaangalia kwenye daftari la usajili mwenye gari ni nani, na bili inatumwa kwake kwa posta. Kwa gari la kukodi, bahasha hiyo inakwenda kwa kampuni iliyokukodisha. Ikifika, wewe umeshapanda ndege, umeshaunganisha Doha au Addis Ababa, umeshagawa zawadi na kurudi kazini.

Kampuni hazikutaka kuzama kwenye bahasha, zikatengeneza njia zao. Ya kwanza ni kusajili namba za magari yote kwa wakala wa tozo, ili kila gari linapopigwa picha, hela ikatwe kwenye akaunti ya kampuni, nayo kampuni iikate kwenye kadi yako ya benki, ile uliyoiacha siku ya kuchukua gari. Ya pili ni kuweka transponda ndani ya gari lenyewe, mara nyingi ndani ya kikasha chenye kifuniko kwenye kioo cha mbele, karibu na kile kioo kidogo cha kuangalilia nyuma. Ya tatu, kwa kampuni ndogo, ni kusubiri bahasha, kuilipa na kukutumia deni pamoja na gharama ya usumbufu, au kumpa wakala jina na anwani yako akutafute mwenyewe. Zote tatu huchukua muda, ndiyo maana risiti aliyopewa shemeji siku ile haikuwa na tozo hata moja. Hawakumdanganya, tozo zilikuwa bado njiani.

Lakini kilichomuuma shemeji hakikuwa tozo. Tulipokaa na kuisoma ile bili kwenye simu, tozo zenyewe zilikuwa senti hapa, dola moja na kitu pale. Kilichopandisha hesabu ni mstari mwingine kabisa: ada ya huduma ya kampuni. Hii ndiyo sehemu ambayo watu hawaisomi kwenye mkataba, na sishangai, maana mkataba huo unapewa ukiwa umetoka kwenye safari ya zaidi ya saa ishirini, mtoto mmoja amelala begani na mwingine anataka choo.

Ada hizo zina sura mbalimbali. Kuna wanaotoza kwa kila siku uliyopita kwenye tozo. Kuna wanaouza kifurushi: unalipa kiasi fulani kwa kila siku ya kukodi, upite mara nyingi upendavyo, tozo ikiwa ndani. Hiki kinamfaa anayezunguka kutwa kucha, kwa mwingine ni hasara tupu. Na kuna mtindo uliofika hadi mahakamani. Mwezi Machi 2017 mwanasheria wa jiji la San Francisco, Dennis Herrera, aliishtaki kampuni ya Hertz pamoja na kampuni iliyokuwa ikiiendeshea huduma ya tozo iitwayo PlatePass. Malalamiko yalikuwa kwamba mteja aliyevuka Golden Gate mara moja tu alitozwa dola 4.95 kwa kila siku ya kukodi, hata siku ambazo gari lilishinda limeegeshwa, hadi kufikia dola 24.75. Piga hesabu: siku tano za kukodi, kuvuka mara moja, ada inafika kwenye ukomo. Tozo ya daraja wakati huo haikufika dola 8. Kesi iliisha mwaka 2019 kwa makubaliano ya dola milioni 3.65.

Golden Gate ina kituko kingine ninachokipenda. Tangu mwaka 1968 tozo hukusanywa upande mmoja tu, wa kuingia San Francisco kutoka kaskazini. Kutoka mjini ni bure. Kwa hiyo mtalii anayevuka kwenda kupiga picha ng'ambo hapati dalili yoyote kwamba kuna malipo. Anakuja kudaiwa kwa safari ya kurudi hotelini.

Turudi kwenye kile kikasha cha kioo cha mbele, maana kina mtego wake. Kifuniko kikiwa wazi, transponda iliyomo ndani inasikia antena na kujibu. Kikifungwa, mawimbi yanazuiwa na kifaa kinakaa kimya. Wengi wakiambiwa hivyo hufikiri: basi nikifunga sitatozwa. La. Kufunga kikasha kunanyamazisha kifaa, hakufichi namba ya gari. Kamera inaiona vilevile, na kama namba hiyo imesajiliwa na kampuni, deni na ada yake vinakuja kama kawaida. Kufunga kunasaidia pale tu unapokuwa na njia yako nyingine ya kulipa, ili usilipe mara mbili.

Na njia nyingine zipo. Ukiwa na ndugu anayeishi huko, mwenye E-ZPass ya kubandua na kubandika, anaweza kukuazima kifaa, mradi aongeze namba ya gari ulilokodi kwenye akaunti yake kwa siku zile. Hapa kuna jambo la kukumbuka kuliko yote: siku ya kurudisha gari, aiondoe namba hiyo. Asipoiondoa, mteja atakayefuata akipita na gari lile bila kifaa, kamera italitambua kama gari la ndugu yako, na yeye ndiye atakayelipia matembezi ya mtu asiyemjua. Tena kifaa kiwe cha kuhamishika. Stika za kubandika moja kwa moja kwenye kioo, kama SunPass Mini ya Florida, ukizibandua zinakufa.

Uliza pia kama kifaa kinafanya kazi unakokwenda. Sheria ya mwaka 2012 iliagiza mifumo ya tozo kwenye barabara kuu za Marekani isomane ifikapo Oktoba 2016. Tarehe ilifika ikapita. E-ZPass ya New York inakubaliwa Massachusetts na Florida, lakini ukiipeleka California, ambako wanatumia FasTrak, ni kipande cha plastiki tu.

Kwa Orlando kwenyewe, laiti shemeji angejua: wakala wa barabara za pale ana kitu kinaitwa Visitor Toll Pass, kilichotengenezwa kwa ajili ya wenye magari ya kukodi wanaoshukia uwanja huo wa ndege. Unajisajili kwenye programu ya simu, unachukua kadi ya kuning'iniza kwenye kioo cha kuangalilia, unalipa tozo peke yake bila ada ya kampuni, na unaitumbukiza kwenye sanduku unaporudisha gari. Golden Gate nako unaweza kulipa mwenyewe mtandaoni kwa kutaja namba ya gari, kabla ya kuvuka au ndani ya saa 48 baada ya kuvuka.

Njia ya mwisho ni kuikwepa barabara yenyewe. Programu za ramani zina sehemu ya kuzima barabara za kulipia. Pale Orlando barabara namba 528 na 417, zinazopita karibu na uwanja wa ndege, zote ni za kulipia, na ramani ikiachwa ijiamulie itakupitisha huko kwa kuwa ni haraka. Ukizima, utakutana na taa nyingi za barabarani na utachelewa kidogo. Kwa mwenye likizo, mimi naona si neno.

Hadithi hii si ya Marekani peke yake. Wafanyabiashara wetu wanaokodi magari Dubai wanaijua kwa jina la Salik, neno la Kiarabu lenye maana ya njia iliyo wazi, isiyo na kizuizi. Ilianza tarehe 1 Julai 2007 bila kibanda hata kimoja. Kwa miaka mingi kila geti, yaani yale machuma ya juu ya barabara, lilikuwa dirham 4. Tangu mwisho wa Januari 2025 ni dirham 6 saa za msongamano, 4 saa nyingine, na bure kuanzia saa saba usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Kampuni iliyokukodisha gari inahesabu mageti uliyopita na kuyakata kwenye amana yako, mara nyingi na nyongeza kidogo juu ya kila geti. Ukienda Abu Dhabi utakutana na Darb, iliyoanza kutoza Januari 2021. Hiyo haina hata stika. Kamera tu.

Shemeji aliishia kuiandikia kampuni barua pepe akiomba mchanganuo: siku gani, saa ngapi, barabara ipi. Ana haki hiyo, na walimtumia. Katika mistari tisa, mmoja ulikuwa wa saa tano za usiku, siku moja baada ya yeye kurudisha gari. Bahati yake ile risiti ya kuagwa alikuwa hajaitupa, na juu yake palikuwa na saa ya kurudisha: saa nne na dakika kumi asubuhi, siku iliyotangulia. Mstari ule ukafutwa. Ile minane mingine alilipa.