DSLR ya kuanzia na lenzi zake: nini hasa unachonunua

DSLR ni kamera ya dijitali ambayo lenzi yake hutoka na kubadilishwa, na ambayo humwonyesha mpiga picha mwanga uleule utakaotengeneza picha. Nyuma ya lenzi kuna kioo kilichoinama kwa nyuzi 45. Mwanga ukiingia, kioo huurusha juu kwenye prizimu, nayo huugeuza hadi ufike kwenye kidirisha unachochungulia. Ukibonyeza kitufe, kioo hunyanyuka, shata (pazia lililo mbele ya sensa) hufunguka, mwanga huangukia sensa, kile kibamba kinachonasa picha, kisha kila kitu hurudi mahali pake. Ndiyo maana kidirisha huwa cheusi kwa kitambo kifupi kila unapopiga.

Inaposemwa DSLR "ya kuanzia", kinachozungumzwa ni bodi, yaani kamera bila lenzi. Chukua Nikon D3500 na Canon EOS 2000D, zote za mwaka 2018. Gharama imepunguzwa kwenye umbo: plastiki kwa wingi, gurudumu moja la mipangilio badala ya mawili, vioo vidogo kwenye kidirisha badala ya prizimu ya glasi, na hakuna kinga dhidi ya mvua na vumbi. Sensa haikuguswa kwa kiasi hicho. Kila moja ina megapikseli 24, ilhali picha ya kuchapa kwenye karatasi ya A4 kwa nukta 300 kwa inchi inahitaji takriban megapikseli 9 tu. Anayezishindanisha kamera za daraja hili kwa megapikseli anajisumbua bure.

Ukubwa wa sensa ndio wa kuujua, kwa sababu unagusa lenzi moja kwa moja. DSLR karibu zote za kuanzia zina sensa ya APS-C. Ya Nikon ina upana wa takriban milimita 23.5 na kimo cha 15.6, na ya Canon ni ndogo kidogo. Sensa kamili, inayolingana na fremu ya filamu ya zamani, ni milimita 36 kwa 24. Sensa ndogo hukata kingo za taswira, hivyo lenzi huonekana kuvuta zaidi: kwenye Nikon zidisha milimita za lenzi kwa 1.5, kwenye Canon kwa 1.6. Lenzi ya 50 kwenye bodi ya APS-C ya Canon hukupa mtazamo wa lenzi ya 80 kwenye sensa kamili.

Sasa lenzi yenyewe, na hapa ndipo ningependa mnunuzi atumie muda wake mwingi na sehemu kubwa ya pesa zake. Bodi huchakaa na kupitwa na wakati. Lenzi nzuri ikitunzwa huhamia kwenye bodi ya pili na ya tatu.

Kila lenzi hutambulishwa kwa namba mbili. Ya kwanza ni urefu wa fokasi, kwa milimita. Namba ndogo huona eneo pana, kubwa huvuta cha mbali. Lenzi ya 18-55, ile inayouzwa pamoja na bodi nyingi za kuanzia, kwenye 18 huchukua sehemu kubwa ya chumba na kwenye 55 humchukua mtu kichwa na mabega bila kumsogelea sana. Ni nyepesi, na ni mwalimu mzuri: ndani ya wiki chache utajua ni milimita zipi mkono wako unazikimbilia. Usiidharau kwa sababu ni ya bei nafuu.

Udhaifu wake umo katika namba ya pili, ile ya f. Hii hupima apecha, tundu lililo ndani ya lenzi ambalo hupanuka na kufinyika kama mboni ya jicho. Wanaoanza wengi huchanganyikiwa kwamba namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa, lakini ni hesabu ya kawaida ya kugawanya. Gawanya urefu wa fokasi kwa namba ya f, unapata kipenyo cha tundu. Kwenye milimita 50, f/5.6 ni tundu la takriban milimita 9, na f/1.8 ni tundu la takriban milimita 28. Kipenyo kimezidi mara tatu, na eneo la kupitisha mwanga limekaribia mara kumi.

Mara kumi hizo zina maana kubwa ukiwa ndani ya nyumba jioni. Ikiwa lenzi ya 18-55, ambayo kwenye milimita 50 haifunguki zaidi ya f/5.6, inakulazimisha kupiga kwa kasi ya shata ya 1/20 ya sekunde, mtoto anayecheza atatoka kama ukungu. Kwa f/1.8, bila kubadilisha kitu kingine, unafika karibu 1/200 naye atatulia kwenye picha. Kitulizi cha lenzi, kinachoitwa IS kwa Canon na VR kwa Nikon, hakiwezi kukufanyia hivyo. Kinatuliza mtikisiko wa mikono yako tu. Mtoto ataendelea kukimbia. Tundu kubwa pia ndilo linalofifisha mandhari ya nyuma, ingawa ukimsogelea mtu sana kwa f/1.8 jicho litaonekana safi na ncha ya pua itafifia.

Kwa hiyo mimi humshauri anayeanza achukue bodi ya bei ya chini kabisa inayomkaa vizuri mkononi, ile 18-55, kisha aongeze lenzi moja isiyovuta, yaani yenye urefu mmoja tu wa fokasi, ya f/1.8. Canon EF 50mm f/1.8 STM ni ya bei ndogo na inapendeza sana kwa picha za watu, ila chumbani itakusukuma hadi ukutani kwa sababu ya ile hesabu ya 1.6. Kwa Nikon, AF-S DX 35mm f/1.8G hukupa mtazamo wa kama milimita 52, unaofaa shughuli nyingi zaidi za kila siku. Lenzi ndefu ya kufika 300 inaweza kungoja, hasa isiyo na kitulizi. Kanuni ya zamani husema kasi ya shata isipungue moja juu ya milimita za lenzi, na kwenye APS-C hiyo 300 ni kama 450 au 480. Utahitaji takriban 1/500, na kwa f/5.6 kasi hiyo hupatikana tu penye mwanga wa kutosha.

Kabla ya kulipia, hakikisha lenzi na bodi zinaelewana. Lenzi za Canon zilizoandikwa EF, mfumo ulioanza mwaka 1987, huingia kwenye DSLR zote za Canon; za EF-S zimetengenezwa kwa ajili ya bodi za APS-C na haziingii kwenye zenye sensa kamili. DSLR za Nikon zinatumia mdomo wa F, yaani mahali lenzi inapofungwa kwenye bodi, ulioanza mwaka 1959, na hapo ndipo penye mtego. Bodi za D3000 na D5000 na ndugu zake hazina ndani yake mota ya kulenga, yaani ya kuweka fokasi. Lenzi ya zamani ya AF-D itaingia na kupiga picha, lakini utalenga kwa mkono. Tafuta yenye herufi AF-S. Zile za AF-P nazo zina mota yake, ila baadhi ya bodi za zamani haziwezi kuziendesha, basi uliza kwanza.

Tangu 2018 Canon na Nikon wameelekeza nguvu zao kwenye kamera zisizo na kioo, EOS R na Z. Kwa anayeanza bila pesa nyingi hii ni habari njema, maana DSLR zilizotumika zimejaa sokoni. Lenzi za EF na EF-S hufanya kazi kwenye EOS R kwa kutumia adapta, na kulenga hubaki kwa kiotomatiki. Hivyo lenzi unayonunua leo ina maisha mbele yake hata ukihama.

Ukinunua iliyotumika, uliza shata imepiga mara ngapi. Ya D3500 ilijaribiwa kwa mara 100,000. Piga ukuta mweupe kwa f/16 uone kama kuna madoa ya vumbi kwenye sensa, ambayo husafishika. Kisha mulika tochi ndani ya lenzi. Ukiona nyuzi nyembamba kama utando, hiyo ni kuvu. Inaweza kula mipako ya glasi, na kuitoa kunahitaji fundi aifungue lenzi nzima. Lenzi hiyo iache hata kama bei inavutia.