Jinsi kampuni za mawakili zinavyowachagua wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo na wanagenzi

Wanafunzi wengi wa sheria wanaokuja kwetu kuomba ushauri huwa wamechelewa bila kujua kwamba wamechelewa. Wameamini kuwa kwanza mtu huhitimu, kisha hutafuta pa kujifunzia kazi. Kumbe kampuni kubwa za mawakili hujaza nafasi za uanagenzi, yaani mafunzo ya kazi chini ya wakili baada ya masomo, muda mrefu kabla mwombaji hajavaa joho, na aghalabu huzijaza kwa vijana walewale waliokwisha kukaa nao ofisini wakati wa likizo. Anayeyachukulia mafunzo ya likizo kama sharti la chuo la kukamilishwa kwa kupigiwa muhuri anaupita mlango wa ajira yake bila kuubisha.

Jijini London ni jambo la kawaida kwa kampuni kubwa kuchagua wanagenzi miaka miwili kabla ya siku yao ya kwanza kazini, na kwa hiyo mwanafunzi wa mwaka wa pili wa shahada ya sheria anatarajiwa awe tayari anaandika maombi. Nchini Marekani, ambako sheria husomwa kwa miaka mitatu baada ya shahada ya kwanza, kampuni kubwa huwachukua wanafunzi kwa takriban wiki 10 za kiangazi, kati ya mwaka wa pili na wa tatu, na anayefanya vizuri hutarajia kupewa ahadi ya ajira kabla hajarudi darasani. Sababu ni ya kibiashara. Mwanagenzi hulipwa na kusimamiwa kwa muda mrefu kabla kazi yake haijaanza kufidia gharama hizo, kwa hiyo kampuni hupenda kumjaribu mtu kwa wiki chache kabla ya kujifunga naye kwa miaka.

Mchujo wa kwanza hufanywa kwa karatasi, na hapo alama za mitihani zina uzito mkubwa kuliko wanafunzi wanavyopenda kusikia, kwa kuwa ndicho kigezo chepesi pale maombi yanapokuwa mengi kuliko nafasi. Hata hivyo, nchini Uingereza zipo kampuni zinazoficha jina la chuo cha mwombaji machoni pa wasaili, ili heshima ya chuo isimbebe mtu wala kumwangusha. Naona ni utaratibu wa haki unaostahili kuigwa. Barua ya maombi nayo husomwa kwa haraka, na inayosema tu kwamba mwombaji ana shauku ya sheria haimwambii msomaji lolote. Inayoeleza kwamba mwombaji anapenda sheria ya ardhi kwa sababu alisaidia kuandaa nyaraka za mgogoro wa mipaka katika kliniki ya msaada wa kisheria humfanya msomaji asimame.

Wanaovuka mchujo huo hupewa zoezi la kuandika, na hapa ndipo nimeshuhudia wenye alama za juu wakiangushwa na wenye alama za wastani. Chukua mfano huu. Mkataba wa pango unataka notisi ya siku 30, iwe ya maandishi, na ifikishwe kwenye anwani iliyotajwa mkatabani. Mwenye nyumba ametuma ujumbe mfupi wa simu. Mpangaji ndiye mteja, naye anauliza kama ni lazima ahame. Mwombaji wa kwanza anajaza kurasa mbili juu ya chimbuko la sheria ya mikataba na kumaliza bila kujibu swali. Wa pili anaandika nusu ukurasa: kwa maelezo yaliyopo, notisi inaelekea kuwa na kasoro, kasoro iko katika namna ilivyofikishwa, lakini kabla ya kumshauri mteja ni lazima kuona kama mkataba au sheria inaruhusu mawasiliano ya simu, na kama mpangaji mwenyewe aliwahi kuukubali utaratibu huo. Huyu wa pili ndiye anayeitwa kwenye usaili, kwa kuwa amejibu, ametoa sababu, na ametaja kinachokosekana. Wakili anayemsimamia anajua kwamba karatasi ile, kwa marekebisho kidogo, inaweza kumfikia mteja.

Katika usaili, kosa linaloniuma zaidi hufanywa kwa nia njema. Akiulizwa kuhusu mafunzo yake ya awali, mwanafunzi anataja jina la mteja, kiasi cha fedha kilichogombaniwa na udhaifu wa utetezi wake, akidhani anaonyesha uzoefu. Msaili anachosikia ni mtu asiyetunza siri. Ingetosha kusema kwamba alifanyia utafiti shauri la madai ya fidia kazini, kisha aeleze alichojifunza. Vivyo hivyo, akiulizwa orodha ya ofisi alizofanyia kazi, aitoe kamili, kwani kampuni inalazimika kuchunguza mgongano wa maslahi, yaani kama aliwahi kufanya kazi upande unaopingana na mteja wao, kabla ya kumkabidhi jalada lolote.

Ukishaingia, kila siku ni usaili. Anayepewa hukumu za kufupisha akazirudisha kwa wakati, rejea zikiwa sahihi, huaminiwa kazi kubwa zaidi wiki inayofuata. Anayetaja hukumu ambayo hakuisoma, ikiwemo ile iliyobuniwa na programu ya akili mnemba, huenda asiaminiwe tena.

Kwa aliyekosa nafasi hizi za mapema, njia hazijafungwa. Tangu Septemba 2021, England na Wales zimeruhusu miaka miwili ya uzoefu inayohitajika kwa solisita, yaani wakili anayewashauri wateja na kuandaa nyaraka zao, kukusanywa katika ofisi zisizozidi nne, kliniki za msaada wa kisheria zikiwemo.

Lipo pia suala la malipo. Mafunzo yasiyo na posho huwafungia nje wenye uwezo ambao familia zao haziwezi kuwagharamia nauli na chakula, na kampuni inayoyatoa hivyo inajipunguzia yenyewe idadi ya vijana ambao ingeweza kuchagua miongoni mwao. Kabla ya kukubali nafasi, mwanafunzi aombe kwa maandishi muda wa mafunzo, posho, jina la msimamizi na tarehe ambayo kampuni itasema kama inampa uanagenzi. Akipata ahadi mbili, aombe muda wa kufikiri kabla tarehe ya mwisho haijapita, kisha aijulishe mapema kampuni anayoikataa, ili nafasi hiyo imfikie aliyeko kwenye orodha ya kusubiri.