Je, wajua safu (array), yaani orodha ya thamani za aina moja, inakuaje ndani ya objekti ambayo yenyewe haikui?

Aliyewahi kuandika makro za Excel huenda ameshakutana na jambo hili. Umeunda klasi, yaani kielelezo cha kuundia objekti, tuiite Daftari, ya kutunza kiasi cha kila mauzo ya siku. Asubuhi daftari lina mauzo matatu, jioni yamefika mia nne. Ila ukubwa wa objekti hupangwa mapema. Visual Basic (hapa namaanisha VB6 na VBA, ile ya makro za Office) ikiunda Daftari jipya, hulitengea baiti zake kwenye kumbukumbu, na baiti hizo haziongezeki tena hadi objekti ifutwe. Sasa yale mauzo mia nne yamekaa wapi?

Hayamo ndani ya objekti. Kilichomo ni anwani tu.

Chukua mfano wa hati ya shamba iliyofungiwa sandukuni. Shamba likiwa ekari moja au ekari hamsini, karatasi ni ileile na sanduku ni lilelile. Ukiandika `Private mMauzo() As Long` ndani ya klasi, bila namba kwenye mabano, umeweka hati sandukuni. Shamba bado halijapatikana, ndiyo maana ukiita `UBound(mMauzo)`, inayotaja namba ya nafasi ya mwisho, muda huohuo unapigwa kosa namba 9, kwamba nafasi unayoitaja haipo.

Kwenye VB6, toleo la mwaka 1998, na kwenye Office ya biti 32, hati hiyo inachukua baiti 4. Kwenye Office ya biti 64 inachukua 8. Inaelekeza kwenye maelezo mafupi ya safu: ina vipimo vingapi, kila kipengele kina baiti ngapi, imefungwa mara ngapi, data yenyewe iko wapi, na kila kipimo kinaanzia namba gani na kina vipengele vingapi. Kwa safu ya kipimo kimoja, maelezo hayo yote kwenye biti 32 ni baiti 24. Ni kidogo mno, lakini karibu kila tabia ya safu inayowasumbua watu inatokana nayo.

BASIC, lugha mama ya Visual Basic, haikuzaliwa na uhuru huu. John Kemeny na Thomas Kurtz walipoianzisha chuoni Dartmouth, Marekani, mwaka 1964, `DIM` ilikuwa ahadi ya kudumu: unataja ukubwa, unakaa nao. Hata Commodore 64 ya mwaka 1982, ukirudia `DIM` kwa safu ileile, ilisimamisha programu na kukuandikia kosa. `ReDim`, amri ya kupanga ukubwa upya, ilikuja baadaye, na neno `Preserve` likaongeza jambo kubwa: badilisha ukubwa, lakini vilivyomo visipotee.

Hapo ndipo gharama ilipo. Shamba likitakiwa kupanuka na pembeni kuna la jirani, huwezi kumsogeza jirani. Unatafuta eneo jingine kubwa zaidi, unahamisha mazao yote, kisha unasahihisha anwani kwenye hati. Ukiongeza nafasi moja moja hadi kufika vipengele 1,000, na kila mara ikalazimu kuhama, utakuwa umebeba vipengele mara 499,500. Afadhali uongeze maradufu:

```
Private mMauzo() As Long
Private mIdadi As Long

Public Sub Ongeza(ByVal kiasi As Long)
    If mIdadi = 0 Then
        ReDim mMauzo(0 To 7)
    ElseIf mIdadi > UBound(mMauzo) Then
        ReDim Preserve mMauzo(0 To 2 * mIdadi - 1)
    End If
    mMauzo(mIdadi) = kiasi
    mIdadi = mIdadi + 1
End Sub
```

Ukianza na nafasi 8, unafika 1,000 kwa kuhama mara 7 tu, na jumla ya ulivyobeba ni 1,016. Angalia kwamba objekti sasa inatunza vitu viwili, safu na `mIdadi`, kwa sababu `UBound` inakwambia nafasi zilizopo, haikwambii ngapi zimejazwa. Ukichanganya hivyo viwili, utajikuta unajumlisha masifuri. `List` ya Visual Basic ya .NET, kizazi kilichofuata VB6, hukua kwa njia hiihii, ila imekufichia kazi yote.

Safu ya vipimo viwili ina sharti lake: `ReDim Preserve` inakubali kubadilisha kipimo cha mwisho tu. Wengi hulichukulia kama ukaidi wa lugha, kumbe lina sababu nzuri. Visual Basic hupanga data kwa kumaliza kwanza namba ya kushoto. Safu ya `(1 To 3, 1 To 2)` inakaa hivi kwenye kumbukumbu: 1,1 kisha 2,1 kisha 3,1 kisha 1,2 kisha 2,2 kisha 3,2. Ongeza kipimo cha pili kiwe 3, na wageni watatu wanakaa mwishoni bila kumgusa mtu. Ongeza cha kwanza kiwe 4, na mara 4,1 inadai nafasi ya nne aliyokalia 1,2. Wote wa nyuma yake wangehitaji kupangwa upya mmoja mmoja, kazi ambayo `Preserve` haifanyi. Kwa hiyo, ukijua mauzo ndiyo yatakayoongezeka, yaweke kulia.

Kuna mtego mwingine kwenye mlango wa objekti. VBA haikuruhusu kuitangaza safu kuwa `Public` ndani ya klasi, basi watu huandika `Property Get`, yaani kazi ya kusomea thamani ya objekti, inayorudisha safu nzima. Inafanya kazi, ila inayorudi ni nakala. Ukiandika `m = d.Mauzo` halafu `m(0) = 500`, umebadilisha nakala; daftari halina habari. Naona ni salama zaidi klasi iwe na kazi ndogo kama `Rekebisha(nafasi, kiasi)`, ili anayetaka kubadilisha apite kwa mwenye hati.

Lililonikesha mimi lilikuwa kosa namba 10: safu imefungwa. Nilikuwa nimeandika `Sahihisha mMauzo(3)`, na ndani ya `Sahihisha`, mistari mingi chini, kulikuwa na wito wa `Ongeza`. Siku nyingi ilikwenda vizuri, kisha ikagoma siku nafasi zilipojaa. Visual Basic, usipoandika `ByVal` (peleka nakala ya thamani), hupeleka anwani ya kipengele chenyewe. Wakati `Sahihisha` imeshika anwani ya kipengele kile, shamba likihamishwa ingebaki imesimama kwenye ardhi iliyoachwa, ikiandika mahali pasipo pake. Kwa hiyo lugha huifunga safu hadi kazi ile iishe. Ndiyo ile "imefungwa mara ngapi" kwenye maelezo ya safu. Nilitoa kipengele nje kwanza, nikakirudisha baadaye:

```
x = mMauzo(3)
Sahihisha x
mMauzo(3) = x
```

Hapa `x` ni kigeu cha pembeni cha aina ya `Long`. Safu ikabaki huru kuhama wakati wowote.