Maiko, chai na milango ya Kyoto: dhana potofu kuhusu utamaduni wa Japani kwa wageni

Matangazo ya safari za Japani hupenda sana neno moja: kipekee. Karamu ya kipekee na geisha, chai ya kipekee katika nyumba ya kale, usiku wa kipekee hekaluni. Msomaji hubaki akiamini kwamba Japani ya kweli imefichwa nyuma ya ukuta, na mwenye fedha nyingi ndiye atakayeiona. Imani hiyo huwapotezea watu fedha. Mbaya zaidi, huwafanya wayapite mambo mazuri yaliyo wazi kwa kila mtu. Nitakaa zaidi Kyoto, maana ndiko uvumi ulikoota mizizi.

"Ukilipa vizuri, hakuna mlango usiofunguka"

Kyoto ina mitaa mitano ya geisha, yaani wanawake wanaotumbuiza karamu kwa muziki, ngoma na mazungumzo: Gion Kobu, Gion Higashi, Miyagawacho, Pontocho na Kamishichiken. Huko geisha aliyehitimu huitwa geiko, na mwanagenzi huitwa maiko. Karamu zao hufanyika katika ochaya, nyumba za mbao zenye vyumba vya mikeka ya tatami, na ochaya nyingi hazimpokei mgeni asiyetambulishwa na mtu anayejulikana pale. Tajiri wa kutoka ng'ambo na tajiri wa Tokyo wote hugonga mwamba sawasawa.

Wengi hudhani hayo ni majivuno, kumbe msingi wake ni hesabu. Kwa desturi mgeni wa ochaya hatoi pesa usiku ule. Mama mwenye nyumba, yaani okami, ndiye anayelipia chakula, ambacho mara nyingi huletwa na wapishi wa nje. Ndiye anayewalipia geiko na maiko, na hata teksi ya kumrudisha mgeni. Bili huja baadaye. Kwa maneno mengine, okami anakukopesha, na aliyekutambulisha ndiye mdhamini wako: ukikosa adabu au usipolipa, aibu na deni humwangukia yeye. Anayejua kazi ya mshenga katika posa zetu ataelewa mara moja. Wazee hawaanzi kwa kuuliza mchumba amebeba nini. Huuliza nani kamleta.

Msafiri wa kawaida basi anaingiaje? Anaingia kupitia hoteli, nyumba ya wageni ya jadi au wakala wa utalii mwenye uhusiano wa miaka na ochaya fulani. Hao ndio wanaosimama kama mshenga. Gharama hufika makumi ya maelfu ya yen kwa kila mtu, na huzidi mkiwa wachache, kwa sababu ujira wa maiko mnaugawana. Kabla ya kulipa, uliza maswali matatu: maiko huyo ni wa mtaa upi kati ya ile mitano, nani atapiga shamisen, ala yao ya nyuzi tatu, na kama kuna mkalimani. Karamu isiyo na mkalimani hugeuka kuwa kutazamana na kutabasamu, na utakosa mazungumzo na michezo, ambayo ni nusu ya sanaa yao. Wakala asiyeweza kutaja mtaa, achana naye.

Na bakshishi haifungui chochote. Japani haina desturi ya kumtupia mhudumu noti mkononi, na ukijaribu utamtia mtu aibu mbele ya wenzake.

"Geisha ni kahaba wa bei ghali"

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa sababu husemwa kwa kicheko, na anayechekwa ni binti aliyetumia ujana wake kujifunza muziki.

Waliotajwa kwanza kuwa geisha, katika karne ya 18, walikuwa wanaume: watumbuizaji wa karamu, wapiga ngoma na wachekeshaji. Wanawake walifuata na baadaye wakaishika kazi hiyo. Ukahaba ulikuwa na mitaa yake yenye kibali, kama Yoshiwara kule Edo, mji ambao leo ni Tokyo, na makahaba wa daraja la juu waliitwa oiran. Tofauti ilionekana kwa macho: oiran alifunga mkanda wa kimono, yaani obi, kwa mbele, geisha huufunga mgongoni. Mkanganyiko ulizidi baada ya vita vilivyoisha 1945, pale wanajeshi wa Marekani walipomwita geisha karibu kila mwanamke aliyevaa kimono katika baa. Mwaka 1956 Japani ilipitisha sheria ya kuzuia ukahaba na ile mitaa yenye kibali ikafungwa. Mitaa ya geisha iliendelea na kazi.

Tusiipake rangi historia yote. Kabla ya vita wasichana wengi waliingia katika nyumba hizo kwa sababu ya umaskini na madeni ya wazazi wao, na wapo walioumizwa. Leo msichana huingia kwa hiari yake, kwa kawaida akishamaliza sekondari ya chini akiwa na miaka 15 hivi. Huishi katika nyumba ya malezi, okiya, inayogharimia mafunzo na mavazi yake kwa takriban miaka mitano. Anajifunza kucheza, kuimba, kupiga shamisen na ngoma, kuandaa chai, na kusema Kikyoto cha mtaa wake. Nywele za maiko ni zake mwenyewe, zinasukwa na kutengenezwa na msusi maalumu, naye hulalia mto mrefu mgumu ili zisiharibike. Maua anayochomeka kichwani hubadilika kila mwezi. Ukimwona maiko, unaiona kazi ya msusi, mfumaji, mshona obi na mwalimu wa ngoma, wote kwa pamoja.

"Nimempiga picha maiko mtaani"

Huenda umempiga picha mtalii mwenzako. Kyoto ina studio nyingi zinazomvisha mgeni na kumpaka rangi nyeupe kama maiko kwa saa chache, naye hutoka kutembea mchana kweupe akisimama kila kona apigwe picha. Maiko wa kweli ukikutana naye, mara nyingi ni jioni, anatembea haraka kwenda kazini, na hatasimama.

Na asilazimishwe kusimama. Watalii wamewafukuza wasichana hawa vichochoroni, wamewavuta mikono na mavazi, kwa ajili ya picha tu. Huyo ni mtoto wa watu, mara nyingine hajafika hata miaka 18. Ndiyo maana mwaka 2019 wakazi wa Gion waliweka mabango yanayokataza kupiga picha katika njia zao binafsi, na kutaja faini ya yen 10,000. Mwaka 2024 wakavifunga kabisa baadhi ya vichochoro vyao kwa watalii. Barabara ya umma ya Hanamikoji bado iko wazi, lakini anayeingia vile vichochoro akidhani anayo haki kwa kuwa amelipa tiketi ya ndege anakosea.

"Kilichoandaliwa kwa wageni si halisi"

Dhana hii husikika zaidi kwa wasafiri wanaojiona wajuzi. Lakini upo mfano mmoja unaowakosoa, nao ni wa mwaka 1872.

Miaka mitatu kabla ya hapo mfalme alikuwa amehamia Tokyo, na Kyoto, iliyokuwa makao ya ufalme kwa zaidi ya miaka elfu moja, ilikuwa inaogopa kufa. Mji ukaandaa maonyesho makubwa ya kuvuta watu, wakiwemo wageni kutoka nje. Kwa ajili ya maonyesho hayo geiko na maiko wa Gion Kobu walicheza jukwaani mbele ya umma, wakifundishwa na Inoue Yachiyo wa tatu. Hapo ndipo ilipozaliwa Miyako Odori, ngoma inayochezwa hadi leo kila Aprili. Tiketi yake inauzwa kwa yeyote. Hakuna mdhamini, hakuna wakala, na kuna tiketi inayokuwezesha kupata chai iliyoandaliwa na geiko kabla ya onyesho. Wachezaji wale wale ambao ochaya ingekunyima nafasi ya kuwaona, unawaona hapo kwa sehemu ndogo ya gharama.

Maonyesho hayo hayo yalileta jambo la pili. Mkuu wa 11 wa Urasenke, shule ya sanaa ya kuandaa chai, aitwaye Gengensai, aliwafikiria wageni wasioweza kukaa wamekunja magoti sakafuni, akabuni namna ya kuandaa chai kwa meza na viti, inayoitwa ryurei. Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba chai ya kwenye kiti ni ya kitalii tu, mwambie ina zaidi ya miaka 150 na ilitoka kwa mkuu wa shule mwenyewe. Mwenye goti bovu asione haya kuomba kiti.

"Ukikosea hatua moja kwenye chai, umewatukana"

Kwanza, ujue umealikwa kwenye nini. Dakika 45 za bakuli moja la matcha, chai ya kijani ya unga, na kitu kitamu kidogo ni utangulizi mzuri, lakini shughuli kamili, chaji, huchukua saa nne hivi: mkaa unapangwa, mlo unaliwa, wageni wanatoka kwenda bustanini kupumzika, wanarudi kunywa chai nzito, kisha nyepesi. Hiyo ndiyo yenye kustahili kuitwa ya kipekee, na bei kubwa ikitajwa kwa dakika 45, uliza nini kimeongezwa.

Kuhusu makosa: mwenyeji amekuandalia utulivu, hakukuandalia mtihani. Yapo mambo manne yatakayokusaidia. Usikae nafasi ya kwanza wala ya mwisho, kwa sababu mgeni wa kwanza huongea na mwenyeji kwa niaba ya wote, na wa mwisho ana kazi ya kukusanya na kurudisha vyombo. Kaa katikati, umtazame jirani yako. Kula kitu kitamu chote kabla ya kunywa. Zungusha bakuli kidogo ili usinywee upande wake wa mbele, ulioelekezwa kwako kwa heshima. Na uvue pete na saa, kwa kuwa bakuli lile linaweza kuwa na umri mkubwa kuliko babu yako.

Kuna la tano, linalotuhusu hasa sisi wa pwani: usijifukize wala kujipaka manukato. Kwetu kwenda kwa watu ukinukia ni heshima. Katika chumba cha chai harufu yako hufunika ya chai na ya udi uliowekwa kwenye mkaa.

Ndiyo, udi. Wasafiri wengi hudhani sanaa za kale za Japani zinaishia kwenye chai na geisha, wakaikosa kodo, sanaa ya kunusa udi. Mti ni huo huo tunaoujua Zanzibar, Mombasa na Muscat, lakini matumizi yanashangaza. Hawaufukizi moshi ukajaa nyumba. Kipande kidogo kama punje hukalishwa juu ya kibao chembamba cha madini ya mika, mkaa ukiwa umezikwa chini ya majivu, ili joto litoe harufu bila moshi. Wageni hupokezana kikombe, kila mmoja akavuta pumzi, kisha hubahatisha ni udi upi. Mchezo mmoja maarufu una mizunguko mitano na majibu 52 yanayowezekana. Katika hazina ya Shosoin mjini Nara kuna gogo la udi liitwalo Ranjatai, ambalo mtawala Oda Nobunaga alikatiwa kipande chake mwaka 1574. Mswahili akiwa na siku moja tu Kyoto, mimi ningemtuma kwenye kodo kabla ya kumtuma Gion.

"Nyumba ya jadi ni hoteli yenye mikeka"

Ryokan, yaani nyumba ya wageni ya jadi, hutoza kwa kila mtu, mara nyingi pamoja na chakula cha jioni na cha asubuhi, kwa hiyo usilinganishe bei yake na ya chumba cha hoteli. Chakula cha jioni kina saa yake. Ukichelewa, mpishi aliyekupangia sahani kwa sahani amepata hasara. Unapovaa yukata, kimono nyepesi ya pamba, upande wa kushoto uwe juu ya wa kulia. Kinyume chake ni mavazi ya maiti.

Bafu la chemchemi ya moto huingiwa bila nguo, baada ya kujisafisha vizuri nje yake. Asiyetaka kuvua mbele ya watu aombe bafu la binafsi, ambalo nyumba nyingi hukodisha kwa muda. Wenye michoro mwilini hukataliwa sehemu nyingi, kwa sababu huhusishwa na magenge ya yakuza, lakini mabafu saba ya umma ya mji wa Kinosaki huwapokea.

Waislamu wawe na tahadhari moja ambayo wakala huisahau: hata mlo usio na nguruwe mara nyingi hupikwa kwa sake na mirin, ambazo ni pombe za mchele, na chakula cha mahekalu, kisicho na nyama wala samaki, nacho chaweza kuwa na mirin. Taja jambo hilo siku ya kuweka nafasi, si mezani.

"Mahali pagumu kuingia ni pa wakubwa"

Hekalu la Saihoji, lenye bustani iliyotandwa na vimea vidogo laini vya kijani (moss), inayojulikana duniani kote, lilizuia kuingia ovyo mwaka 1977 ili kuilinda. Mgeni huomba nafasi mapema. Kwa miaka mingi ilikuwa kwa postikadi, siku hizi hata kwa mtandao. Akifika hutakiwa kwanza kuketi na kunakili maandiko matakatifu kwa brashi, akifuatisha herufi zilizochapwa kwa wino hafifu, hata kama haelewi hata moja. Ndipo anaingia bustanini. Makazi ya kifalme ya Katsura pia yanaombwa mapema, kwa Wakala wa Nyumba ya Kifalme. Tokyo nako, jumba la Kabukiza huuza tiketi ya kutazama kitendo kimoja tu cha kabuki, tamthilia ya jadi ya Japani, kwa asiyetaka kukaa saa nne.

Kote huko fomu ya maombi haiulizi una cheo gani. Inauliza jina, tarehe na mko wangapi, na nafasi huisha mapema, hasa majira ya maua ya cheri na majani mekundu. Omba kabla hujakata tiketi ya ndege.