Mkazo wa Maneno Marefu ya Kiingereza Hutafutwa Mkiani

Anayezungumza Kiswahili hana sababu ya kujiuliza mkazo uko wapi. Karibu kila mara huangukia silabi ya pili kutoka mwisho: so-ME-sha, so-me-SHE-a. Mazoea hayo ndiyo yanayowafanya wanafunzi wetu wengi waseme pho-to-GRA-phy, ilhali wenye lugha husema pho-TO-gra-phy.

Tuanze na silabi, ingawa si hapo penye kazi. Zinazohesabiwa ni irabu zinazosikika, si zilizoandikwa. Strengths ina herufi tisa na silabi moja tu. Vegetable ina irabu nne kwenye maandishi, lakini kwa kawaida hutamkwa kwa silabi tatu. Pa kukatia hasa ni wapi? Kamusi hutofautiana, na vitone unavyoviona katika baadhi yake huonyesha tu mahali neno linapoweza kukatwa likifika mwisho wa mstari. Usipoteze muda hapo.

Sasa tazama mkia wa neno. Likiishia na -tion, -sion au -ic, mkazo hukaa kwenye silabi inayotangulia mkia huo: com-mu-ni-CA-tion, e-co-NO-mic. Likiishia na -ity, -logy au -graphy, hesabu silabi ya tatu kutoka mwisho: e-lec-TRI-ci-ty, bi-O-lo-gy. Mikia -ee na -eer hujibebea mkazo yenyewe: em-ploy-EE, en-gi-NEER. Wakaidi hawakosekani, kama TE-le-vi-sion, PO-li-tics na com-MIT-tee. Hao wakariri tu.

Kupata mahali pa mkazo bado ni nusu ya kazi. Kiswahili hutamka kila irabu kwa ukamilifu, lakini Kiingereza huzififisha nyingi zisizo na mkazo. Ifuatilie silabi -to- katika ukoo mmoja. Kwenye PHO-to-graph imefifia, karibu imezwe. Kwenye pho-TO-gra-phy inasikika wazi. Ukifika pho-to-GRA-phic, imefifia tena. Ukiweka mkazo panapostahili huku irabu nyingine zote ukizitamka kwa nguvu ileile, msikilizaji hatausikia.

Ukiwa na shaka, fungua kamusi yenye alama za kifonetiki za kimataifa. Kijistari cha juu (ˈ) huwekwa kabla ya silabi yenye mkazo, si baada yake, na wengi hukisoma kinyume. Cha chini (ˌ) huonyesha mkazo mdogo, ambao maneno marefu huwa nao mara nyingi: photographic huandikwa ˌfəʊtəˈɡræfɪk.