Kuhamia klaudi hakukuondolei kazi ya bakapu

Karibu kila ofisi ninayoisaidia kuhamisha mifumo yake kwenda klaudi, yaani kompyuta za kampuni nyingine zinazofikiwa kwa intaneti, huniambia neno lilelile: "Sasa tuko klaudi, mambo ya bakapu (nakala za akiba za data) yamekwisha." Hayajaisha, na nimechoka kulisikia, kwa sababu wanaolisema ndio haohao wanaopiga simu usiku data zikipotea.

Mtoa huduma anawajibika kwa jengo, umeme, mashine na mtandao wake. Data ni jukumu lako. Mhasibu akifuta jedwali la mishahara, klaudi inatii tu. Folda ikiwa imeunganishwa na kompyuta za ofisini, faili lililofungwa na virusi vya kudai pesa huharibika kote ndani ya dakika chache. Hapo mteja hunijibu kwamba klaudi huweka nakala tatu za kila kitu. Sawa, lakini hizo zipo kwa ajili ya siku diski itakapokufa. Kosa la binadamu linaingia kwenye zote tatu kwa pamoja.

Tarehe 10 Machi 2021 kituo cha data cha OVHcloud, kampuni ya klaudi, mjini Strasbourg, Ufaransa, kilishika moto. Jengo moja liliteketea lote, na wapo wateja waliopoteza data pamoja na bakapu kwa kuwa vyote vilikaa eneo moja. Mei 2024 Google Cloud ilifuta kimakosa mfumo wa UniSuper, mfuko wa pensheni wa Australia wenye wanachama zaidi ya 600,000. Nakala ya pili ya mfumo huo ilifutika pia. Miongoni mwa vilivyowaokoa ni bakapu waliyokuwa wameiweka kwa mtoa huduma mwingine.

Kwa hiyo bakapu moja ikae kwa kampuni nyingine, au kwenye diski iliyochomolewa kabisa, na akaunti inayoendesha mfumo isiwe na ruhusa ya kuifuta. Kisha kila mwezi mwambie fundi arudishe faili utakalolichagua wewe papo hapo, ukiwa umekaa naye, mlifungue mlione. Bakapu ambayo haijawahi kurudishwa mimi siihesabu.

Yapo na maneno mengine ninayoyasikia kwa wateja. "Klaudi ni bei nafuu." Inategemea. Seva (kompyuta inayohudumia nyingine) ya majaribio iliyosahaulika ikiwaka tangu Ijumaa hutozwa wikendi nzima, tena kwa dola. Ukihamisha seva ya zamani na ukubwa wake uleule, mara nyingi bili inapanda. Pima kwanza ni kiasi gani cha prosesa na memori kinatumika kweli.

"Seva za ofisini zimepitwa na wakati." Klaudi nayo ni seva, ziko ndani ya majengo, tena mbali: Azure, klaudi ya Microsoft, ilifungua kanda zake (maeneo ya vituo vya data) Afrika Kusini mwaka 2019, AWS, klaudi ya Amazon, ikafuata Cape Town 2020. Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom, nyaya zinazoleta intaneti, ilipokatika, intaneti ilisuasua Tanzania, Kenya na Uganda, na waliokuwa na kila kitu huko nje wakakwama. Supamaketi inayotaka kuendelea kuuza siku kama hiyo ibaki na seva ndogo dukani, itume mauzo klaudi laini ikirudi.

"Sheria inakataza data kutoka nje ya nchi." Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 haikatazi moja kwa moja, inaweka masharti. Mpe mwanasheria wako ayasome kabla hujasaini mkataba na mtoa huduma.